Kina cha Maji Ghorofa ya Nne

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya juma la kazi mjini Khulna, Tapashi Mondal alifika ofisini, akatundika mwavuli, akavua ndala, akakunja suruali yake hadi magotini, kisha akaingia majini na kwenda kwenye meza yake. Maji yalimfika kifundoni. Yalikuwa ya uvuguvugu, yenye chumvi kidogo. Alifuta kiti, akaliweka kopo lake la wali na samaki juu ya kabati, akawasha kompyuta. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Mosharraf Hossain, meneja wa mradi, aliyekaa meza inayotazamana na yake, alikuwa ameloa soksi tu.

"Maji yameingia, bosi," Tapashi alisema.

"Nimeona. Ya wapi hayo?"

"Yananuka bwawa la dada yangu. Ni ya Hogoldanga, kijijini kwetu."

"Basi tuta limepata ufa," Mosharraf alisema, akaagiza chai mbili.

Kazi yao ilikuwa kutunza matuta ya udongo yanayozuia mto usiingie vijijini, kwa maana huko kusini mashamba yako chini kuliko mto. Vyeo vyao vilipangwa kwa upana wa ufa ambao mtu aliruhusiwa kuutolea uamuzi. Msaidizi wa meneja, kama Tapashi, alikuwa na ufa wa kidole. Meneja wa mradi alikuwa na shibiri, upana wa kiganja kilichotanuliwa. Meneja mwandamizi alikuwa na dhiraa nzima, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkurugenzi wa miradi alikuwa na pima, mikono yote miwili ikinyooshwa. Mwajiriwa mpya alifundishwa hayo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo. Maji nayo yalifuata ngazi hizo hizo: yalimpanda zaidi aliye chini, yakampungukia aliye juu. Watu walikuwa wamezoea.

Saa nne dada yake mkubwa, aliyemwita didi, alipiga simu. Namita ndiye aliyemlea Tapashi tangu mama yao alipofariki. Aliuza bangili zake za harusi ili mdogo wake asomee uhandisi, na nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya tuta lile.

"Tapu, tuta lina ufa. Kidole kinaingia."

"Kidole gani, didi?"

"We nawe! Kidole ni kidole. Unataka kukivisha pete? Njooni mzibe kabla ya bamvua."

Bamvua ni yale maji makuu ya mwezi mpevu, na mwezi ulikuwa umeshaanza kunenepa. Hata hivyo moyo wa Tapashi ulitulia, kwa sababu ufa wa kidole ulikuwa wake. Angeweza kutuma watu na udongo siku hiyo hiyo. Ila pale ofisini palikuwa na adabu moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: kabla ya kuamua jambo lililo lako, unamwonyesha kwanza aliye juu yako, si kwa kuomba ruhusa, kwa heshima tu. Asiyefanya hivyo aliitwa mjuaji, na wajuaji walizeekea kwenye viti walivyoajiriwa navyo. Tapashi akaliweka jambo lake mezani kwa Mosharraf. Mosharraf alikuwa ameshatoka kwenda Jessore, kwenye harusi ya binamu yake.

Aliporudi, akiwa bado na harufu ya biriani, ufa ulikuwa umefika shibiri. Maji yalikuwa magotini mwa Tapashi, na Mosharraf mwenyewe alilazimika kukunja suruali.

"Sasa si wako tena, dada," alisema kwa upole. "Ni wangu."

"Basi amua, bosi. Dada yangu analala chini ya tuta hilo."

"Naamua, naamua. Ngoja tu Bi Lutfun auone. Nikimpita, ataniwekea kinyongo, nami nina watoto."

Tapashi alijilaumu vibaya. Alikaa na miguu majini, akajiita mjinga na mwoga na majina mengine ambayo Namita angemkemea kwayo. Ungekuwa ufa wa mtu mwingine angesema ni bahati mbaya.

Bi Lutfun, meneja mwandamizi, alikuwa na chumba chenye zulia, na zulia lake lilikuwa limelowa pembeni kidogo. Aliwataka wajikamue nje kwanza. Kufikia hapo ufa ulikuwa dhiraa, naye akaupima hewani kwa mkono wake mwenyewe, kiwiko hadi kidole, akaridhika sana.

"Huu ni wangu kabisa," alisema. "Umenikaa kama ushungi. Ila Mkurugenzi anapenda kuyajua mambo mapema, nanyi mnamjua."

Walimjua. Mkurugenzi alikuwa Dhaka mpaka wiki iliyofuata.

Ijumaa, siku ya mapumziko, Tapashi alipanda basi kwenda Hogoldanga bila kumuaga mtu. Namita alimlaki kwa bisi za mchele na pilipili mbichi, akamwambia amekonda, akamwuliza kama huko mjini wanamlisha karatasi. Haripada, mume wa Namita, aliita majirani. Walijaza udongo kwenye mifuko hadi jua likaelekea kuzama, wakaishusha mmoja mmoja kwenye ufa. Mifuko haikuzama. Ilielea, ikapangana mstari, ikateremka na mto kama bata wanaorudi nyumbani.

"Shemeji," Haripada alisema akijipangusa jasho, "udongo wenu unaogelea."

"Hauna idhini," Tapashi alisema.

"Ahaa. Na haya maji, yanayo?"

Aliokota koleo lake, akaenda kumpa ng'ombe majani. Tapashi alilia ndani ya basi njia nzima, kilio cha hasira, na abiria wenzake wakamwachia kiti cha dirishani.

Mkurugenzi Ehsanul alirudi siku ambayo mwezi ulitimia. Chumba chake kilikuwa kikavu mno, hata alikuwa amemwagiza mfagizi anyunyize maji sakafuni kutuliza vumbi. Mosharraf aliingia akichechemea, maji yakiwa mapajani. Bi Lutfun alishika viatu mkononi. Tapashi alisimama nyuma yao, maji yakimfika kifuani, mikono ameiinua asiloweshe simu.

"Binti, mbona umejisalimisha?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ni maji, mkuu."

"Aa, nayakumbuka hayo! Mimi nilipokuwa msaidizi yalinifika puani, maana ni mfupi. Vumilia, utapanda." Hakuwa mtu mbaya. Alimwuliza habari za nyumbani, akasikiliza mpaka mwisho, akasikitika kikweli. Kisha alinyoosha mikono yake yote miwili, na Mosharraf akamnyooshea kamba kutoka ncha hadi ncha, wakalinganisha na kipimo alichokileta Tapashi asubuhi hiyo.

"Umenizidi," Mkurugenzi alisema. "Kidogo tu, lakini umenizidi. Huu si ufa tena."

"Ni nini, mkuu?"

"Ni mradi mpya."

Bi Lutfun alianza kupiga makofi, Mosharraf akafuata. Mradi mpya ulihitaji meneja wa mradi, na wote walikubaliana kwamba hakuna aliyeijua Hogoldanga kuliko mwenyeji wake. Mkurugenzi alimtaja Tapashi kwa jina na kwa cheo, na papo hapo maji yakamshuka, yakapita kiunoni, yakapita magotini, yakatua kifundoni. Nguo zake zilikauka kabla rosogolla, vile vitumbua vya sukari vya kupongezana, havijaletwa. Tapashi alisikia raha, akaona aibu kwa raha hiyo, akaomba watu watumwe kwenye tuta jioni ile ile. Aliambiwa kwamba kazi za mradi mpya huanza mwezi mpya. Alisimama na kitumbua cha sukari kimemjaa mdomoni, hajui amtemee nani.

Tuta lilivunjika usiku huo. Asubuhi Namita alipiga simu.

"Tapu, niko juu ya paa. Haripada alikwenda kumfungua ng'ombe, hajarudi." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nasikia sasa una cheo. Leta boti."

Boti moja kwa nyumba moja lilikuwa ndani ya mamlaka ya meneja wa mradi. Tapashi aliamua hapo hapo, na safari hii hakumwonyesha mtu. Alichukua boti la ofisi, lile walilopewa watu wa cheo chake, akaliendesha mwenyewe mpaka mahali tuta lilipokuwa. Lilipoingia tu upande wa vijiji, boti lilikwama kwenye tope. Tapashi alijaribu kulisukuma, likakataa. Alishuka. Maji yalimfika kifundoni.

Alitembea katikati ya mashamba ya mpunga. Juu ya kichwa chake zilipita sufuria, mikeka na mlango mzima wenye kofuli. Alifika uani kwa dada yake, akasimama karibu na jiko, akatazama juu. Namita alikuwa ameketi ukingoni mwa paa, sari imemgandama mwilini.

"Mbona uko huko chini?" Namita aliuliza.

"Shuka, didi. Ni maji ya kifundo tu."

Namita aliteremsha mguu wake taratibu. Ulizama hadi pajani na haukugusa kitu, akaurudisha.

"Ya kifundo ni kwako, Tapu."

Tapashi alijinyoosha juu ya vidole vya miguu, akaupata mkono wa dada yake. Ulikuwa wa baridi. Kumvuta kungekuwa kumzamisha, na kupanda hakuweza, kwa kuwa hapakuwa na maji ya kumwinua. Walishikana hivyo muda mrefu.

"Hebu nitazamie huko," Namita alisema mwishowe. "Haripada humwoni?"

Tapashi aligeuka. Haripada alikuwa amelala kando ya zizi, kamba ya ng'ombe mkononi, macho na mdomo wazi, na maji hayakufunika hata sikio lake.

"Simwoni, didi," alisema.

Namita aliuachia mkono wake.

"Basi rudi kazini," alisema. "Viatu vyako vinaloa."