Sababu ya Chaguo Lako

Mwaka wa tatu baada ya kushindwa uchaguzi, nilipata kazi ya kuzunguka nikiuliza watu wangempigia nani kura.

Kazi ilikuwa ya Daktari Adero, mtafiti aliyekuwa na ofisi ya vyumba viwili mjini Eldoret. Alitaka kujua jambo moja tu: mpiga kura akiwekewa mwanamke na mwanamume, je, jinsia ya mgombea inaweza kumtoa kwenye chama chake na kumpeleka chama kingine? Alichukua watu kumi na wawili, akatupa tableti, akatufundisha kwa siku mbili. Wenzangu walikuwa vijana waliotoka chuo juzi. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita, na wote waliniita Mwalimu Linet bila kuambiwa.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Tableti yenyewe ilitunga wagombea wawili wa kiti cha wadi, watu ambao hawapo, ikawapa umri, kazi, jinsia na chama. Sisi tulisoma tu. Baada ya kusoma tuliuliza, "Ungempigia nani?" Kisha, "Sababu ya chaguo lako ni nini?" Jibu la sababu lilitakiwa kuandikwa neno kwa neno kama mtu alivyolisema. Daktari alitukataza kutabasamu, kutikisa kichwa, au kuonyesha lolote usoni. Vijana walifanya mazoezi wakacheka sana. Mimi sikuhitaji mazoezi. Uso wangu ulikuwa umekaa hivyo tangu mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili.

Kabla ya hapo nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi upande wa Turbo. Nilijiuzulu nigombee. Nilianza kwa chama kikubwa, kile ambacho watu wa kwetu karibu wote wako ndani. Wazee wa chama waliniita kwenye mkutano, wakanisikiliza vizuri, wakanishukuru, halafu wakaniambia tiketi ya wadi ni ya Eliakim. Mmoja alinikumbusha kwamba wanawake wana kiti chao cha kaunti, kile cha mwakilishi wa wanawake. Nikaenda chama kidogo, nikapewa tiketi siku hiyo hiyo. Nilitembea kila kijiji. Mume wangu Kiprono alishika kipaza sauti mpaka sauti yake ikakauka. Nilipata kura mia sita na kumi na moja. Eliakim alipata zaidi ya elfu nane.

Kituo cha Chepsaita ndicho nilichokitegemea zaidi. Nilikuwa nimesomesha watoto wa pale, na wakala wangu pale alikuwa Jepchumba, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kwaya. Chepsaita nilipata kura tisa. Asubuhi iliyofuata Jepchumba aliniletea nakala ya fomu ya matokeo aliyokuwa ametia sahihi, akakaa jikoni kwangu akalia. Mimi nilimpikia chai.

Sikulia siku hiyo wala baadaye. Kazi ya ualimu haikurudi. Nililima na Kiprono, nikapika, nikaenda kanisani, na watu wakasema nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Nilikuwa nafanya mambo hayo yote kama mtu anayemshikia mwingine zamu.

Tulianza Cheptiret, mwishoni mwa mwezi wa sita, wakati watu wako shambani wakipalilia. Nilijifunza haraka kwamba wengi hawakuniachia nimalize kusoma. Nikianza, "Mgombea wa kwanza ni mwanamke wa miaka arobaini, mfanyabiashara," wananikata waniulize ni wa chama gani. Nikitaja chama, wamemaliza. Mzee mmoja aliyekuwa anauza matairi kando ya barabara alimchukua mwanamke wa chama chake bila hata kuinua macho. Nilipouliza sababu, alisema huyo ni wetu. Jirani yake, mama wa makamo, alipewa na mashine mwanamume wa chama chake, akamchukua vilevile, na sababu ikawa ile ile. Niliandika "huyo ni wetu" mara nyingi mpaka tableti ikawa inanimalizia maneno.

Wachache walivuka. Katika soko la Soy nilimhoji Dahabo, mama mwenye duka la vitambaa, ambaye alisema waziwazi kwamba familia yake ni ya upinzani tangu zamani. Mashine ilimpa mwanamume wa upande wake na mwanamke wa chama kikubwa. Akamchukua mwanamke. Nilimuuliza sababu.

"Wanaume tumewajaribu," alisema, akaendelea kukunja kitambaa.

Niliandika maneno hayo mawili. Ungetegemea mtu kama mimi afurahi. Nilibonyeza mbele, nikamuuliza umri wake.

Wiki ya tatu tulifika Chepsaita. Mashine ndiyo iliyokuwa ikichagua nyumba, na siku hiyo iliniambia niingie boma la nne kutoka kisiagi cha mahindi. Nilihesabu mara mbili. Boma la nne lilikuwa la Jepchumba.

Sheria ilikuwa kwamba ukikuta mtu unayemjua, unampigia simu msimamizi akupe nyumba nyingine. Msimamizi wetu alikuwa kijana anayeitwa Felix, na simu ilikuwa tayari mkononi. Lakini Jepchumba alikuwa ameshaniona kutoka kwenye kibanda cha ng'ombe. Alikuja akipangusa mikono, akaniletea kiti uani, akaniuliza habari za Kiprono. Nilimweleza nilichokuja kufanya, na kwamba yeye hafai kuhojiwa na mimi.

"Si maswali tu?" akasema. "Niulize mimi kuliko uende kwa watu hawakujui."

Mpaka leo siwezi kusema kwa nini nilifungua tableti. Nilifungua tu. Ikachukua muda kutunga watu wake, halafu nikasoma kama nilivyosomea wengine. Mgombea wa kwanza, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mwalimu, wa chama kidogo. Mgombea wa pili, mwanamume wa miaka hamsini, mfanyabiashara, wa chama kikubwa.

Jepchumba alicheka. "Hiyo mashine inakujua."

Nilimwambia mashine inabahatisha, haijui mtu. Nikauliza, "Ungempigia nani?"

Kicheko kikamwisha. Alitazama kuku waliokuwa wakichakura chini ya ghala. Nilikuwa na uhakika atasema mwanamke, angalau kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimekaa pale. Hata kidole changu kilikuwa upande huo.

"Huyo mwanamume," akasema.

Nilibonyeza mbili. "Sababu ya chaguo lako ni nini?"

"Ni lazima uandike?"

"Neno kwa neno."

"Basi andika." Alivuta kigoda akakaa karibu nami, kama mtu anayesaidiwa kujaza fomu ya benki. "Andika kwamba siku ile nilikuwa na beji yako shingoni. Nilikaa pale ndani tangu saa kumi na mbili. Saa nne nikaomba nipige kura yangu. Zile karatasi ni sita. Zile tano zote niliweka chama. Rais chama, gavana chama, yote. Nikafika ya wadi. Nikaona picha yako, umevaa ile suti ya samawati. Nikaona ni kama nimelima shamba lote halafu mwisho namwachia jirani kona. Nikaweka Eliakim."

Niliandika. Alipofika kwenye suti nilikumbuka kwamba niliiazima.

"Nilisema wengine watampigia Mwalimu," aliendelea. "Kura yangu moja haitamwangusha. Sasa jioni wakati wanahesabu, naona haziji. Nikajua kila mtu alisema kama mimi."

"Tisa zilikuja," nilimwambia.

"Tisa, ndiyo. Mimi simo kwa hizo tisa."

Nilimaliza sentensi, nikaweka nukta. Hapo ndipo ningefunga. Jepchumba alinishika goti.

"Lakini usifikirie nilikunyima sababu wewe ni mwanamke. Hiyo hapana. Ungesimama na chama chetu, ningekupigia bila kufikiria, na boma hili lote lingekupigia. Hata hao wanaume wa kisiagi."

Nilimwamini. Nilikuwa nimeyasikia hayo Cheptiret na Soy kutoka kwa watu wasiokuwa na sababu ya kunidanganya. Lakini nilimwambia jambo ambalo halikuwa kwenye tableti.

"Nilitaka kusimama na chama chenu. Walininyima tiketi. Ulikuwa kwenye ule mkutano."

"Nilikuwepo."

"Walininyima kwa nini?"

Ndama alilia kibandani, Jepchumba hakugeuka.

"Sababu wewe ni mwanamke," akasema.

Kisha akaniuliza kama hilo pia ninaliandika. Nilimwambia hapana, fomu inauliza sababu ya mpiga kura peke yake. Akaanza kulia, vilevile kama alivyolia jikoni kwangu miaka mitatu nyuma, na nikaelewa sasa alikuwa akilia nini siku ile. Nilingojea kitu kinipande kifuani, hasira au hata huruma. Nilisikia jua mgongoni, na njaa kidogo. Alipotulia alileta chai, nikanywa kikombe chote kwa sababu kukiacha kungekuwa kusema jambo ambalo sikuwa nalo.

Nilipotoka nilimpigia Felix nikamweleza ukweli: nimemhoji mtu ninayemjua, tena aliyekuwa wakala wangu. Hakunigombeza. Alisema ni utaratibu tu, hiyo fomu itabidi ifutwe. Nilikuwa bado nimeishika tableti wakati maneno ya Jepchumba yalipotoweka na mahali pake kukabaki mstari mweupe. Nikapewa boma la saba. Kijana wa pale alisikiliza wagombea wawili, akamchukua wa chama chake, akasema huyo ni wetu.

Mwezi wa tisa Daktari Adero alisoma matokeo katika ukumbi wa hoteli mjini. Walikuja watu wa vyama, wachungaji, mashirika ya akina mama, na waandishi wawili wa redio. Alionyesha michoro ukutani. Kwa ufupi, alisema, kati ya watu tuliowahoji, jinsia ya mgombea iliwavusha wachache mno. Mtu hukaa na chama chake, aliyesimama awe mwanamke au mwanamume. Na mwanamke akiwa na tiketi ya chama cha mpiga kura, anapata karibu sawa na mwanamume.

Mzee mmoja wa chama kikubwa alisimama akashukuru. Nilimtambua, alikuwa kwenye ule mkutano wa tiketi. Alisema utafiti umeonyesha kwamba eneo letu halina ubaguzi wa wanawake, na magazeti yaandike hivyo. Watu wengine walipiga makofi. Daktari alijaribu kueleza kwamba hakusema hivyo, lakini makofi yalikuwa yameshaanza.

Nilikuwa nimekaa nyuma na vijana wa tableti. Nilinyanyua mkono. Sikuwa nimepanga, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kusoma maswali.

"Tumewauliza wanaopewa wagombea," nilisema. "Hatujawauliza wanaotoa wagombea."

Mzee aligeuka akanitazama, akatabasamu kwa adabu. Sidhani alinikumbuka. Wakati wa chai Daktari Adero alinitafuta, akaniomba nirudie nilichosema huku akiandika kwenye kijitabu. Alisema huenda akatafuta njia ya kuhoji viongozi wa vyama mwaka ujao kabla ya mchujo, akaniuliza kama nitafanya kazi hiyo. Nilimwambia nitafanya. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mimi mwenyewe sifikirii kusimama tena. Nilimwambia sijui. Hilo lilikuwa jibu la kweli. Nilipojitafuta ndani sikukuta ndiyo wala hapana.

Nyumbani nilimsimulia Kiprono yote, pamoja na ya Jepchumba, ambayo nilikuwa nimeyaficha tangu mwezi wa saba. Aliweka chini kikombe. Alitembea mpaka mlangoni akarudi. Alisema alimbeba yule mama kwenye pikipiki akimpeleka semina ya mawakala, mara mbili, kwenye mvua. Alisema asikanyage hapa tena. Nilimtazama akikasirika, na nikaona kwamba alikuwa ananifanyia kazi ambayo mimi nilishindwa kuifanya.

"Wewe husikii vibaya?" akaniuliza.

"Nangoja," nikamwambia.

Jepchumba alikanyaga. Alikuja Novemba tulipokuwa tukivuna, bila kuitwa, amevaa gambuti na leso kichwani. Kiprono alimsalimia kwa kichwa tu, akachukua mstari wa mbali. Mimi nilimwonyesha pa kuanzia. Tulivunja mahindi mstari kwa mstari, tukiongea habari za unyevu, na kwamba mvua ikirudi wiki hiyo yataoza kabla ya kukauka. Karibu na saa sita bua lililovunjika lilinichoma kiganja, likapasua ngozi. Jepchumba aliuona mkono kabla yangu, akaufunga kwa kipande cha leso yake.

Uliuma. Nilisimama katikati ya shamba nikiutazama, na uliendelea kuuma mpaka jioni.