Bunduki ya Cheche

Mimi ni fundi cherehani, na sioni haya kusema kwamba ni fundi mzuri. Mtu akiingia kwangu na bega moja limeshuka, hutoka mabega yote mawili yakiwa sawa, na mke wake mwenyewe asijue nilichofanya. Mwenye kitambi namkatia shati la kumpunguza. Mwenye mguu mmoja mfupi namchezea pindo mpaka watu wanasahau. Kushona wanajua wengi. Kazi yangu hasa ni kuficha, na kwa miaka ishirini na miwili hajarudi mteja kulalamika kwamba nimemficha kupita kiasi.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiomba twende wote dukani akachague bunduki ya peintiboli, sikusita. Sijawahi kushika bunduki ya aina yoyote maishani mwangu, lakini mashine ni mashine, na wauza mashine nawajua kwa ulimi wao.

Mdogo wangu wanamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo alipewa karakanani wiki ya kwanza aliyofika. Mwaka jana msumeno wa umeme ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Kabla ya hapo alikuwa akicheza upande wa kushoto katika timu ya peintiboli, ule mchezo wa watu wazima na akili zao kuvaa barakoa na kuviziana nyuma ya mapipa wakipigana risasi za rangi. Kidole cha shahada ndicho alichokuwa akivutia kifyatulio. Tangu aumie hakukanyaga uwanjani.

Sasa Kepteni wa timu alikuwa ametangaza majaribio. Nafasi saba, waombaji kumi na tisa, Jumamosi asubuhi, na kila mtu aje na bunduki yake. Cheche aliniambia habari hizo huku akimenya viazi, hanitazami.

"Nikikosa safari hii, Dada, sitajaribu tena. Najijua."

Nami namjua. Alipoacha kuimba, aliacha moja kwa moja. Alipomwacha yule mchumba wake, hakumtaja tena hata kwa kumsema vibaya. Nikaamua kwamba mdogo wangu hatakosa nafasi hiyo nami nikiwa hai na mkasi wangu mkononi.

Nilimshonea glavu. Ngozi nyeusi, laini, mishono ya ndani isiyomchubua. Katika ile ya kulia nilijaza pamba kwenye vidole viwili, nikapitisha na waya mwembamba ili vijikunje kama vya mtu. Nasema kweli, ilikuwa kazi safi. Ungemwona kwa hatua tatu ungeapa ana vidole kumi. Cheche aliigeuza geuza, akaminya kile kidole cha pamba, akasema, "Asante, Dada." Akaivaa. Nami nikaipokea asante ile kama sifa.

Duka lilikuwa jembamba, bunduki zimetundikwa ukutani kwa misumari, na nyuma yake kulikuwa na ua mrefu uliozungushiwa wavu wa kujaribia. Mwisho wa ua palisimama ubao uliokatwa umbo la mtu. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nilimpenda papo hapo kwa sababu alianza na vipimo. Alichukua risasi moja ya rangi, akaiweka kwenye mdomo wa mtutu, akapuliza.

"Ikipita yenyewe, mtutu ni mpana, utapiga mbingu," alisema. "Ukipuliza isitoke, mtutu unabana, itapasukia ndani. Nataka itulie, halafu itoke kwa pumzi yangu."

Ilitulia, ikatoka. Nikamwambia kwamba hata kola hupimwa hivyo hivyo, na akaniangalia kwa heshima kidogo.

Nilikwisha amua tunataka nini. Bunduki nyepesi, ya betri, kifyatulio laini cha kuguswa tu na mkono wa kushoto. Mkono wa kulia usifanye kitu, uwe umeegemea chini ya mtutu, umependeza ndani ya glavu. Nikaeleza haya yote mimi. Cheche alikuwa amesimama kando yangu akivaa barakoa.

Ya kwanza, mkononi mwa Cheche, ilimwaga risasi kumi na tano kabla sijamaliza kuziba masikio. Wavu wote ukawa wa njano. Ubao ukabaki mkavu.

"Hii imeelemea upande mmoja," nikasema. "Lete nyingine."

Ya pili ilikuwa fupi zaidi. Ikamzungukia mkononi, ikapiga ukuta na ndoo ya muuzaji. Nikasema mshikio wake ni mnene. Ya tatu niliichagua mwenyewe, nikaipima uzito kwa mikono miwili nikiwa nimefumba macho, kwa mbwembwe zote. Hiyo nayo ikapiga goti la ubao mara moja, nafikiri kwa bahati mbaya. Nikasema kifyatulio ni kikali.

"Mchagua jembe si mkulima," muuzaji akasema, kama anayeongea na kabati lake.

"Na mwenye kuuza jembe bovu si mhunzi," nikamjibu.

Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Cheche hakucheka. Alikuwa anatazama bunduki moja iliyoning'inia peke yake karibu na mlango, ndefu, nyeusi, haina betri wala taa.

"Ile je?"

"Ile ya pampu," muuzaji akasema. "Kila risasi unavuta mshikio wa mbele kwa mkono, ndipo unapiga. Moja, moja. Siku hizi hawaitaki, wanasema inachosha."

"Hapana," nikasema haraka. "Hiyo itakutesa mkono."

"Mkono wa nani, Dada?"

Hakusema kwa hasira. Aliishika ile glavu kwa meno, kwenye ncha ya kidole cha pamba, akaivua, akanipa niishike kama mtu anayekupa mwavuli. Kisha akaichukua bunduki. Mkono wa kushoto ukakaa kwenye kifyatulio. Ule wa kulia, wenye gumba na vidole viwili vya mwisho, ukaukamata mshikio wa pampu, ukavuta nyuma, ukarudisha. Ulienda kwa wepesi ambao sikuutegemea hata kidogo.

"Hivi ndivyo ninavyovuta mnyororo wa winchi," alisema. "Kila siku, tangu nirudi kazini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hujawahi kuja karakanani ukaona."

Muuzaji alisogea karibu, maana sasa alikuwa na mteja. "Basi jambo moja. Hiyo huna haja ya kufyatua kila mara. Kibane kifyatulio, usikiachie. Kila ukisukuma pampu, inapiga yenyewe."

Cheche akabana. Akavuta, akasukuma. Akavuta, akasukuma. Alipiga sita. Tano zilipasuka kifuani mwa ubao, ya sita sikioni.

Niliona aibu, na sitaizungushia maneno. Miezi kumi na moja nilikuwa nikimkatia mashati ya mikono iliyofunika viganja, nikimwekea mifuko mirefu, nikimkalisha upande wangu wa kushoto kwenye picha ili mkono wake ufichike nyuma yangu. Yeye hakuniomba hata mara moja. Vile vidole vya pamba nilivishonea macho yangu mwenyewe, na yeye akavivaa kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa na hakutaka kunivunja moyo. Nikaitia glavu mkobani.

"Tunachukua hii," nikamwambia muuzaji.

"Ninachukua," Cheche akasahihisha, akanipiga kikumbo kidogo cha bega.

Jumamosi uwanjani nilikaa nyuma ya wavu pamoja na wake, waume na mama za watu. Wengine walikuja na bunduki za betri zilizowaka taa kama duka la simu. Cheche alikuja na pampu yake na mikono mitupu. Kepteni, jitu la mtu lenye sauti ndogo, aliwagawa wawili wawili, mmoja kila upande wa mapipa, dakika tatu. Cheche akapewa jamaa mrefu aliyekuwa na jezi ya timu tayari.

Jamaa alianza kunyesha. Risasi zilipiga pipa la Cheche bila kukoma, rangi ikachuruzika mpaka chini, na yeye akabaki amechuchumaa, kimya, goti moja chini. Mama mmoja jirani yangu akasema, "Huyo kwisha." Nilikuwa nahesabu pumzi. Kisha bunduki ya jamaa ikanyamaza, risasi zimemwishia, akainama kujaza. Cheche akainuka. Akavuta, akasukuma, mara mbili tu. Ya kwanza ikamkuta begani, ya pili katikati ya barakoa.

Majaribio yalipokwisha, Kepteni akaja na karatasi yake. Alimtazama Cheche mkono, hakuficha kwamba anautazama, na hilo nililipenda.

"Umeingia," alisema. "Nitakuweka nyuma, katikati. Huko mbio si nyingi, hutachoka sana."

Mdomo wangu ulikwisha funguka kumshukuru. Nikaufunga.

"Nataka kushoto," Cheche akasema.

"Kushoto kuna mtu."

"Nani?"

Kepteni akageuka kumwangalia yule jamaa mrefu, aliyekuwa ameketi juu ya tairi akifuta rangi kwenye barakoa yake kwa mkono wa jezi.

"Basi huyo nimeshampiga," Cheche akasema.

Kepteni akatoa kalamu, akaiegemeza karatasi kwenye paja, akakata jina moja kwenye safu ya kushoto.