Chumba cha Trei za Mayai

Tega sikio. Nyumba yangu ina mlango mmoja, dirisha lake halifunguki, na aliye ndani hatoki mpaka aliye nje apende. Usiniambie yai. Ingawa yai nalo haliko mbali, maana kuta za nyumba hiyo zimebandikwa trei za mayai toka sakafuni mpaka darini, zimeze mwangwi. Ni chumba cha kurekodia muziki, na aliyekuwa ndani asubuhi hiyo ni Mama Nyuzi.

Mama Nyuzi hakuwa na mtoto. Jina alilipata kwa gitaa lake. Miaka minane alikuwa akienda kupiga muziki na watu wa msituni, wale waliohamishwa msitu wao ulipozungushiwa waya, wakapangwa kwenye vijumba vya mabati kando ya machimbo ya kokoto. Mara ya kwanza alikwenda kutafuta nyimbo. Akajikuta anawaandikia barua za kudai msitu, anawasindikiza wagonjwa zahanati, na anakaripiwa na Bibi wa Asali kila anapokosea kuitikia.

"Masikio unayo mawili, mwanangu. Mbona unasikilizia pua?"

Ni Bibi huyo aliyemfundisha kwamba kwao wimbo ni nyumba. Anayeuanzisha anafungua mlango, na wote wanaoitikia wameingia. Kuufunga ni kazi yake peke yake, palepale ulipoanzia, pamoja na walewale waliomo, akiwataja mmoja mmoja; asiyetajwa hubaki ndani. Usipofungwa, hakuna hata mmoja wao anayeweza kuimba mwingine.

Sasa, siku arobaini nyuma, Mama Nyuzi aliwaleta Bibi na binti zake wawili hapo studio, waimbe wimbo wa kuuomba mti asali. Walipofika katikati, taa nyekundu ikazimwa. Bosi wa studio akaingia akipiga makofi.

"Inatosha, tumepata! Kwaya inangoja nje."

Akawatoa mbiombio kama kuku walioingia sebuleni, Bibi mdomo wazi.

Wakarudi kwao na wimbo tumboni. Wiki ileile binti mdogo akajifungua. Kwao mtoto hatajwi tu jina, anaimbiwa, na wa kumwimbia ni bibi yake. Bibi akashindwa. Basi mtoto akaitwa Huyu. Huyu analia. Huyu kanyonya. Kwenye kadi ya zahanati, penye jina, muuguzi alipiga kistari, na safari ya pili akauliza, "Jamani, mnangoja amalize shule?" Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa amekonda, kifua kinampiga mluzi. Akiondoka duniani na wimbo wazi, Huyu atabaki Huyu.

"Nirudishe kwenye kile chumba," alimwambia Mama Nyuzi. "Sikai sana."

Kumbe ni rahisi kusema. Mama Nyuzi alikuwa amesaini mkataba wa miaka mitatu bila kugeuza ukurasa wa nyuma: asipige popote, wala na yeyote, ila kwa ruhusa ya studio. Kitanzi hicho alijivika shingoni mwenyewe. Sasa Bosi akaleta na karatasi ya pili. Mama Nyuzi asaini kwamba wimbo wa asali katunga yeye na ameuachia studio, ndipo Bibi aruhusiwe kuumaliza. Kampuni ya sabuni ilikuwa imeupenda kwa tangazo.

Asiposaini, Bibi hatoki ndani ya wimbo. Akisaini, watu walionyang'anywa msitu wananyang'anywa na wimbo wa msitu, tena kwa mkono wake yeye. Alilala nalo, akaamka nalo. Gitaa akilishika, vidole vinakwenda mpaka pale wimbo ulipokatika, vinagoma kama punda aliyeona shimo.

Mwisho akampigia Bosi simu. "Nawaleta kesho."

"Na kalamu utaikuta," Bosi akajibu.

Ndiyo hiyo asubuhi. Ndani walikuwamo Mama Nyuzi, Bibi, binti zake wawili, na Huyu amelala kifuani kwa mama yake. Mlango ulikuwa mzito na kitasa cha ndani kiling'oka zamani. Ulifunguliwa kwa kitufe kilichokuwa mezani, upande wa pili wa kioo, alikokaa Fundi Mitambo. Bosi alisimama nyuma yake. Humo ndani joto lilikuwa la kuivisha ndizi.

"Saini kwanza," Bosi alisema kwenye spika. "Karatasi iko juu ya kiti."

Mama Nyuzi akashika kalamu.

"Inasemaje hiyo?" Bibi akauliza.

"Inasema wimbo ni wangu, na mimi nimempa yule."

"Wako?" Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Wewe ambaye hata kuitikia bado?"

Binti zake wakaangua kicheko, na Mama Nyuzi naye kikamponyoka, cha kwanza tangu siku ile. Akairudisha kalamu kitini.

"Bibi, kufunga wimbo kunataka hivi vyuma?" Akaonyesha vipaza sauti.

"Mimi nilidhani vya kuanikia nguo."

"Basi funga."

"Msianze!" Bosi akapaza sauti. "Fundi, usifungue mlango! Hatoki mtu humo mpaka asaini."

Fundi Mitambo, mtu mzima, mpole, akainuka polepole. Spika ilikuwa bado wazi, wakamsikia.

"Bosi, nisamehe. Siku ile na mimi niliitikia, hapahapa mezani, kwa chinichini. Tangu hapo naimba kipande kilekile, nikifika katikati narudi mwanzo. Mke wangu kanihamishia sebuleni."

Akabonyeza kitufe, akakimbilia ndani, mlango ukajifunga nyuma yake pu!

Bibi hakuanza mwanzo. Alianzia palepale alipokatwa, kwa sauti nyembamba yenye mluzi wa kifua. Binti zake wakaitikia, Fundi akaitikia kwa sauti nzito, na vidole vya Mama Nyuzi vikaruka lile shimo. Kisha Bibi akawatoa mmoja mmoja kwa kuwataja, Mama Nyuzi mwisho. Pumzi aliyoshusha ilitoka mbali.

Bibi akamchukua mjukuu wake, akamwimbia jina lake sikioni. Mtoto akapiga chafya.

Upande wa pili Bosi alikuwa akibonyeza hiki na kile, maana mitambo hakuijua. Feni ikasimama. Taa ikazimika, ikawaka. "Miaka miwili imebaki!" spika ikabweka. "Hupigi popote, unasikia?" Kisha nayo ikakatika.

Mama Nyuzi alisikia. Mkataba ulikuwa palepale, na mlango nao hauna kitasa.

"Hebu mwoneni," Bibi akasema.

Nyuma ya kioo midomo ya Bosi ilikuwa inacheza. Inakwenda, inakwenda, inasimama ghafla, inarudi mwanzo.

"Masikini. Kumbe naye yumo, na sikumtaja. Afungue aje humu, nimtoe."

Fundi akamwonyesha kwa kidole: kitufe cha mlango ni kile cha kijani, mkono wa kushoto. Bosi akageuza uso.

Mama Nyuzi akavuta kiti, akaikalia ile karatasi, wakangoja.