Damu Iliyotembea Juu ya Kioo

Zuleha, jirani wa Gharib wa ukuta kwa ukuta, aliapa sokoni Nkwenda kwamba kaona kwa macho yake. Daktari Mdachi, yule Mjerumani wa kambi ya malale, alimchoma Gharib kidole, akaipaka damu juu ya kioo, na ile damu ikaamka ikatembea kama siafu.

"Ina wadudu wenye mikia," alisema, huku akichagua ndizi. "Na humwandama kila aliyeonja damu ya Gharib. Wallahi, ningekuwa Rutaihwa nisingepata usingizi."

Maneno hayana miguu, lakini jua halijafika utosini yalikwisha kuvuka kilima hadi kwa Rutaihwa.

Rutaihwa alikuwa ndugu wa kuchanjiana wa Gharib. Gharib alipofika Karagwe mara ya kwanza kutoka pwani na mizigo yake ya nguo, wawili hao walichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akalowesha buni ya kahawa katika damu yake, mwenzake akaimeza. Wakawa buni mbili za tunda moja. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumgusa Gharib. Sasa Rutaihwa alikuwa ametoka kumzika mwanawe wa kwanza, aliyekufa kwa malale, kijana mzima akisinzia na tonge mdomoni.

Adija, mke wa Gharib, ndiye aliyeona kweli. Zuleha alikuwa nje, akichungulia kwenye ua wa matete wa kambi ya daktari. Gharib alikataa kutoa kidole, askari wa daktari wakamlaza chini wakamchapa kiboko mpaka kanzu ikagandamana na mgongo. Ndipo daktari alipompapasa nyuma ya shingo, akakuta tezi zimevimba, akamchoma. Adija akaanza kulia.

"Chungulia kwanza, bibie, ndipo ulie," alisema Abdulghani, mkalimani.

Adija akainamia hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo, ambamo kile kioo chenye damu kilikuwa kimewekwa. Aliona viduara vyekundu vimejazana, vinasukumana.

"Hizo ni chembe za damu," Abdulghani alisema. Ndizo watoto wa shule siku hizi wanazoziita seli. "Umewahi kukata mgomba?"

"Nani hapa hajakata mgomba?"

"Umeona shina lilivyo vijumba vijumba ndani. Basi na mwili wako umejengwa hivyo, ila vijumba vyake ni vidogo, jicho halivipati. Kila kimoja kina ngozi yake, ndani uji, na katikati kiini kinachotawala. Hizo nyekundu hazina kiini. Lakini itazame ile nyeupe, ina doa. Hilo doa ndilo kiini."

"Na hiki kinachojinyonga?"

"Huyo ndiye adui. Mwili wake mzima ni chembe moja tu, na mkia. Mbung'o akikuuma anakuachia."

Adija alikumbuka zile buni. "Na mtu aliyemeza damu yake zamani?"

Abdulghani akacheka. "Kwani ukila mbuzi unaota pembe? Chembe zake huyeyuka tumboni. Zako unajitengenezea mwenyewe."

Daktari akampiga Gharib sindano ya kwanza, wakarudi nyumbani polepole, mke akimshika mume kiunoni.

Hawajamaliza kuosha mgongo, mlango ulivunjwa kwa teke. Rutaihwa aliingia na ndugu zake wawili. Rungu la kwanza lilivunja mkono wa Gharib, na Adija akausikia mfupa ukilia kama kuni kavu. La pili lilimpata mdomoni, akatema meno. Wakamburuta mpaka uani juu ya mgongo ule ule uliochunika. Mmoja akatia moto paa la ghala. Nje Zuleha alikuwa akipiga kelele, "Mimi sikusema wamuue!"

Rutaihwa alimkalia Gharib kifuani, panga shingoni.

"Ulinilisha kifo ndani ya buni," alisema. "Nami nikampa mwanangu."

"Shemeji," Adija alisema.

"Nyamaza, mwanamke wa pwani."

"Shemeji, ukila mbuzi unaota pembe?"

Ndugu mmoja wa Rutaihwa aliguna kwa kicheko, kisha akaona haya. Adija akasogea. "Damu uliyomeza ilikufa tumboni siku ile ile. Hii uliyo nayo ni chembe zako, mwili wako umezitengeneza. Mwanao aliumwa na mbung'o, kama mume wangu. Nimewaona wale wadudu. Twende kwa Mdachi, utoe tone moja, na wewe utaona kwamba huna..."

Rutaihwa alikuwa ameinama, na nyuma ya shingo yake tezi zilijitokeza chini ya ngozi kama buni zilizopangwa. Kope zake zilikuwa nzito. Panga lilitetemeka, wala si kwa hasira.

Adija alielewa. Rutaihwa akienda kwenye kile kioo, wale wenye mikia wataonekana, na ndugu zake watasema buni ndiyo iliyowaleta. Gharib hatafika jioni. Asipokwenda, atalala kama mwanawe alivyolala. Nyuma yake paa la ghala liliporomoka, cheche zikamwangukia mabegani, hakuzipangusa.

"Shemeji," alisema, safari hii kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtoto. "Nawe unaumwa. Naiona shingo yako. Sindano ipo, mwenzio keshaanza kuchomwa. Nipe kidole chako, twende."

Akanyoosha mkono.

Damu ilimchuruzika Gharib shingoni, nyembamba, ikaingia mchangani. Rutaihwa aliutazama ule mkono. Panga halikuondoka, wala halikushuka.