Vitanda Vinne, Hakuna Kilichokwisha

Mtu asikudanganye kwamba mimi ni mvivu. Mvivu hawezi kuanza vitanda vinne kwa wiki moja. Kuvimaliza, hapo ndipo tuzungumze polepole.

Nina karakana ya kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, meza, hata banda la kuku lenye mlango unaojifunga wenyewe nimeshatengeneza. Mwaka juzi daktari aliniambia nina ADHD: akili haitulii mahali pamoja, halafu ikishika kitu inang'ang'ania kama kupe. Nikamwuliza, "Kwa hiyo ndiyo maana nina mipango mingi?" Akasema mipango ni yangu, kuiacha njiani ndiyo hali yenyewe. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Miaka thelathini na tisa naitwa kichwa maji, kumbe kichwa ni kizima, breki tu ndizo chache.

Breki hizo kwa miaka yote amekuwa mdogo wangu. Yeye anapiga msasa, anapaka rangi, anapima upya kila nilichopima mimi. Majirani wanamwita Msumari, maana akishasema jambo, hulitoi.

Sasa, shule moja ya bweni ikataka vitanda vya ghorofa mia na ishirini. Mia na ishirini! Tukiipata kazi hiyo, tunakodi kiwanja cha jirani, tunaajiri mafundi sita, karakana inakuwa kiwanda. Mimi nilikuwa nimeshachagua hadi rangi ya geti. Mwalimu mkuu alitaka kitu kimoja tu: Ijumaa saa tatu asubuhi aone kitanda kimoja kilichokamilika.

Jumatatu nikaanza. Kufika kwenye ngazi nikawaza, watoto watateleza hapa. Nikakiacha, nikaanza kingine chenye ngazi ya kulala kidogo, isiyosimama wima. Katikati ya hicho likanijia wazo la droo ya viatu, nikaanza cha tatu. Jumatano nikagundua namna ya kuunganisha cha nne bila nati hata moja, vipimo nikaviandika kwa chaki juu ya bati, kama kawaida yangu. Msumari, ambaye hawezi kuona bati tupu akalipita, akalipiga rangi.

"Dada, si ungeandika kwenye daftari!"

"Daftari lenyewe liko wapi?"

"Umelikalia."

Kweli, nilikuwa nimelikalia.

Ijumaa saa tatu kamili mwalimu mkuu akaingia, mama mfupi asiyependa mchezo. Akakuta mifupa minne ya vitanda. Nikaanza kumweleza, mikono hewani: ngazi hii, droo hii, nati hakuna. Alikuwa akiitikia kwa kichwa vizuri tu, nikadhani nimempata.

"Mawazo yako ni mazuri sana, fundi," akasema. "Lakini mwanafunzi halali kwenye wazo."

Aisee, iliniuma. Iliniuma kwa sababu hakukosea. Nikamwomba aniachie mpaka saa kumi. Akatazama saa yake, akasema atapita tena saa kumi, na asipokuta kitanda anakwenda kwa fundi mwingine.

Nikamgeukia mdogo wangu. "Nichagulie kimoja."

"Hicho chenye ngazi ya kulala, na ukitie droo. Simu yako lete hapa."

Nikavaa miwani. Jamani, siku hiyo ndiyo nilijua kwa nini Mungu alinipa kichwa hiki! Njaa sikuisikia, wala watu walioniita getini. Wazo jipya likija, na yalikuja saba, napayuka bila kuinua kichwa, Msumari analiandika. "Limeandikwa," anasema. "Choma." Saa nane nilikuwa nimemaliza, na yeye akaingia na rangi yake inayokauka upesi.

Saa kumi mwalimu mkuu akavua viatu, akapanda juu, akalala chali, akajitikisa kwa nguvu zake zote. Kitanda kimya. Akashuka, akavuta droo, akatia viatu vyake humo, akacheka.

"Kazi nawapa," akasema. "Lakini nikipiga simu kuuliza vitanda vingapi vimekwisha, nani atanijibu? Nani ndiye mkurugenzi hapa?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema "mimi". Karakana niliianzisha mwenyewe, na tangu siku ya kwanza nimeota kuitwa mkurugenzi. Nikamtazama mdogo wangu. Rangi imemjaa hadi kwenye nyusi, anapanga brashi zake, wala hakudhani swali linamhusu. Nikaona aibu, nikamwonea na uchungu.

"Huyu," nikasema. "Mkurugenzi ni huyu. Mimi kazi yangu ni kubuni na kuchoma."

"Dada, acha utani wako mbele ya mgeni."

"Sitanii."

Nikavua glavu. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kutembea. Nikainamisha kichwa mbele yake.

"Shikamoo, bosi."

Brashi zikamdondoka. Mkubwa hamwamkii mdogo, hata mwalimu mkuu aliduwaa. Nikabaki nimeinama, nasubiri. Nilimsikia akivuta kamasi, analia na kucheka kwa pamoja, kisha akajikohoza.

"Marahaba," akasema. "Kesho saa mbili kamili uwe hapa. Na usianze kitu mpaka nikwambie."