Vikaratasi Chini ya Vifuniko

Shemeji yangu alipoajiriwa kwenye maabara yetu, dada alilia kwa furaha. Mimi nilinuna. Mtu juzi tu alikuwa kwa washindani wetu, leo anasimama nyuma yangu na kuuliza unga huu nimeuchanganya na nini. Mimi si wa kudanganywa kwa pipi.

Unga huo ulikuwa jasho langu la miaka mitatu. Ukishindiliwa unakuwa kidonge kigumu cha kupitisha chaji, ili kichukue nafasi ya kile kimiminika kinachoshika moto ndani ya betri za lithiamu. Adui yake ni unyevu. Kwa hiyo tunaushika ndani ya sanduku la kioo lenye hewa kavu, mikono ikiwa kwenye glavu ndefu, na kila kinachoingia humo hukaushwa kwanza kwenye tanuri. Sheria hiyo huwafundisha wageni mimi mwenyewe.

Nikamtegea. Nilivikunja vikaratasi kwa mkunjo ninaoujua peke yangu, nikavibana chini ya vifuniko vya chupa zote kumi na mbili za unga huo. Tanurini sikuvipitisha, maana tanuri ni la wote na angeviona.

Wiki mbili baadaye nikafungua chupa moja kupima, chaji haipiti. Kikaratasi kilikuwa palepale, mkunjo uleule. Nikasema moyoni, huyu mjanja, hadi kurudisha anajua. Nikaenda moja kwa moja kwa bosi kumshitaki kwamba kauharibu unga.

Shemeji alifukuzwa siku hiyohiyo. Mlangoni aliniambia, "Shemeji, chupa zako sijazigusa."

"Kawaambie waliokutuma," nikamjibu.

Jioni dada akapiga simu. "Mtetee mume wangu. Wewe wanakusikiliza." Nikamwambia nitajaribu, na sikuwa na nia hiyo hata kidogo.

Asubuhi nikafungua chupa zilizobaki ili nipate ushahidi zaidi. Ndani ya kila moja unga ulikuwa umefanya mabonge, na mabonge yalianzia pale karatasi ilipogusa. Karatasi hata ikionekana kavu ina maji ndani yake. Aibu ilinishika, nikatamani ardhi ipasuke.

Nilimweleza bosi yote.

"Karatasi za nini sasa?" akauliza.

"Za kumnasa akifungua."

"Na alifungua?"

"Hapana," nikasema. "Na siku nilipokuja kumshitaki, nilikuwa nimeshakiona kikaratasi kimoja hakijaguswa."