Diski ya Nane

Siku zile, mtu akitaka kuweka mfumo kwenye kompyuta alihitaji diski kumi na tatu na makalio yenye subira. Diski moja iliingia, mashine ikakoroma dakika nne hivi, kisha ikaomba nyingine. Ukiondoka kwenda kunywa chai, ukirudi unaikuta imesimama palepale, inakungoja.

Fundi hakuiona adha hiyo. Kazi alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada na kamusi iliyovimba kwa kupekuliwa. Katika ofisi zote alizohudumia, ofisi ya maji ndiyo pekee aliyoiendea akiwa amechana nywele. Sababu ilikuwa sekretari. Kwa miaka minne, kila mashine ilipovurugika, wawili hao walikaa mbele yake, fundi akiandika daftarini, sekretari akibadilisha diski. Kati ya diski na diski hapakuwa na la kufanya ila kuongea. Hivyo ndivyo fundi alivyojua kwamba mwenzake ni kitinda mimba, kwamba hucheka kwanza ndipo amalizie kisa, kwamba akikaa tu huvua viatu chini ya meza. Lakini neno lenyewe, lile alilokuja nalo kila mara, kila mara alirudi nalo.

Sasa sekretari alikuwa amepata uhamisho. Gari la kumchukua lingefika saa tano, na mkuu wa ofisi alitaka mashine ifutwe na kuwekwa mfumo upya kwa ajili ya mgeni atakayeshika nafasi yake. Fundi alifika saa nne kamili. Njiani alikuwa ameshapanga: ikifika diski ya kumi, nitasema.

"Bwana Taratibu," sekretari alimkaribisha, masanduku yake yakiwa mlangoni. "Umekuja kunifuta?"

"Nafuta mashine tu, dada."

"Dada, dada. Miaka minne mimi dada yako. Haya, anza."

Sekretari alitoa diski za ofisi kwenye droo yake. Ya kwanza iliingia, ya pili, ya tatu. Walicheka kuhusu mkuu, aliyewahi kuifunika mashine kwa blanketi siku ya baridi. Ya saba ilipotoka, sekretari aliingiza ya nane, akakunja mikono.

Mashine ilikwaruza. Kioo kikaandika kwamba diski haisomeki. Fundi akaitoa, akaikagua, akairudisha. Ikakwaruza tena.

"Imeharibika," sekretari alisema upesi. "Basi tena. Utatafuta nyingine, utarudi kesho. Mimi nitawaambia wa gari kwamba siwezi kuondoka kabla ya kukabidhi mashine."

"Usijali." Fundi alikuwa ameshafungua mkoba. Ndani, kila diski ilikuwa na pacha wake, amefungwa kwa karatasi na kupewa namba. Alimwonyesha, kifua mbele. "Mimi huwa nina nakala."

Sekretari aliitazama ile diski kwa muda.

"Hivi wewe, hakuna siku unayosahau kitu?"

"Haijatokea."

"Hongera," alisema, na kwa mguu akaanza kutafuta viatu vyake.

Ya nane ikapita, na ya tisa. Fundi alisubiri kicheko kianze ili naye apate pa kuingilia. Hakikuanza. Ya kumi ikaingia. Akafunga daftari, akafungua mdomo. Nje honi ikalia. Gari lilikuwa limewahi.

"Kwaheri, fundi," sekretari alisema, akampa mkono.

"Safari njema, dada."

Ya kumi na moja aliiweka peke yake. Ilipokuwa ikikoroma, alikwenda na diski mbovu kwenye mashine ya chumba cha pili, akaipima kama alivyopima kila kinachoharibika. Vumbi huharibu doa moja. Mkwaruzo huharibu mstari. Hii ilikuwa tupu, mwanzo hadi mwisho. Kitu kimoja tu humaliza diski namna hiyo, nacho ndicho alichomkataza sekretari tangu siku ya kwanza asikiweke karibu.

Tarishi alikuja kukusanya vikombe.

"Mama, hapa ofisini kuna mtu mwenye sumaku?"

"Ninayo mimi, ya spika ya redio yangu iliyokufa. Bibie aliiazima jana. Nikamuuliza, ya nini tena hiyo? Akasema, kuna mtu nataka nimcheleweshe." Tarishi alicheka, kisha akamtazama usoni na kuacha. "Ulichelewa?"

"Hapana," fundi alisema. "Niliwahi."

Alitoka mbio hadi getini, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Barabara ilikuwa na muuza magazeti na mbwa aliyelala. Akasimama pale mpaka muuza magazeti akamuuliza anataka lipi.

Aliporudi, kioo kilikuwa kinaomba diski ya kumi na mbili. Fundi hakuishika. Alikaa kwenye kiti cha sekretari, kifupi kwake, magoti yakagota meza.

"Mkuu anauliza kama umemaliza," tarishi alisema mlangoni.

"Bado."

"Nimwambie utamaliza lini?"

"Mwambie namwomba ile barua ya uhamisho. Nataka anwani ya huko alikopelekwa."

"Uandike barua?"

"Nikiandika nitaipanga wiki nzima, mama. Nataka kujua nipande gari gani."

Tarishi aliweka vikombe chini, akaondoka haraka. Fundi alibaki akimngoja, na mashine ikimngoja yeye.